Konda na Dereva: Historia ya Mazoezi, Moyo na Kiharusi

Leo zamu ya kuandika ni yangu. Nataka kuwaletea historia ambayo mwanzoni itaonekana iko mbali na sisi, maana inaanzia kwenye mabasi ya London. Lakini naomba mvumilie, mwisho wake uko hapa hapa kwenye blok zetu.

Kilichonifanya niitafute ni jambo la jirani yetu. Mwezi uliopita baba mmoja kwenye blok yetu alianguka asubuhi akiwa anakunywa chai. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kushoto ukakataa, maneno yakawa yanatoka kama ya mtu aliyelewa. Sisi tuliokuwa pale tulipoteza karibu masaa mawili tukibishana. Wengine walisema amepewa sumu, wengine karuho, wengine wakataka aitwe mchungaji kwanza. Tulipomfikisha kliniki tukaambiwa ni kiharusi, na presha, ile tunayoiita tansio sisi wa Kongo, ilikuwa juu sana. Hajawahi kupimwa hata siku moja.

Watu kwenye kilio walirudia neno moja: "Haiwezekani, huyu alikuwa mtu wa nguvu." Na ni kweli. Kule Fizi alikuwa analima mlimani na kuvua ziwani. Ila mimi nililishika lile neno "alikuwa". Hapa kambini ana miaka mingi anakaa kwenye benchi, anacheza drafti. Nikajiuliza: je, nguvu ya zamani inamlinda mtu leo? Kumbe swali hilo lilishaulizwa, na lilijibiwa kwa kuhesabu watu, miaka mingi kabla sisi hatujazaliwa.

Daktari wa mabasi

Baada ya Vita Kuu ya Pili, madaktari wa Uingereza waliona kitu cha ajabu. Wanaume wa umri wa kati walikuwa wanakufa ghafla kwa moyo, na idadi ilikuwa inapanda. Sababu haikujulikana vizuri. Tena wakati ule mtu akipata shambulio la moyo alilazwa kitandani wiki nyingi, asijisogeze. Wengi waliamini kwamba moyo unalindwa kwa kupumzishwa.

Mwaka 1948 kiliundwa kitengo kimoja cha utafiti wa afya ya jamii chini ya baraza la utafiti wa tiba la Uingereza, na mkuu wake akawa daktari anayeitwa Jeremy Morris, wengi walimwita Jerry. Huyu mtu historia yake inatugusa kidogo. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia Uingereza kutoka Poland. Yeye alizaliwa Liverpool mwaka 1910, akakulia Glasgow kwenye mtaa wa watu maskini. Alipokuwa mzee alisimulia jinsi baba yake alivyokuwa anamtembeza maili 4, yaani zaidi ya kilomita 6, na wakimaliza ndani ya saa moja anapewa aiskrimu. Mtoto wa wahamiaji, analipwa aiskrimu kwa kutembea haraka! Huyo ndiye aliyekuja kufundisha dunia.

Morris hakuanza na wagonjwa hospitalini. Alianza na kazi za watu: watu wa kazi gani wanapata ugonjwa wa moyo zaidi? Shirika la usafiri la London lilikuwa na maelfu ya wafanyakazi, na rekodi zao za ugonjwa na vifo zilikuwa zinatunzwa vizuri. Yeye na wenzake walichukua karibu wanaume 31,000 wa umri wa miaka 35 hadi 64, wakafuatilia miaka ya 1949 na 1950.

Sasa elewa basi la London lilivyokuwa. Lile basi jekundu la ghorofa lilikuwa na watu wawili wa kazi. Dereva amekaa mbele, na sehemu kubwa sana ya zamu yake ni kukaa tu. Konda yeye anakata tiketi chini, anapanda ngazi, anakata tiketi juu, anashuka, siku nzima hivyo hivyo. Morris na wenzake walihesabu ngazi: konda alikuwa anapanda kati ya ngazi 500 na 750 kwa siku ya kazi. Sisi tuliopanda daladala tunamjua konda, hakai. Ila wa London alikuwa na ngazi juu yake.

Uzuri wa ulinganisho huu ni kwamba watu hawa wawili walifanana kwa mambo mengi. Basi ni moja, moshi ni ule ule, mtaa wanaotoka ni wa aina moja. Tofauti kubwa ni kwamba mmoja anakaa na mwingine anapanda.

Matokeo yakawa hivi. Kwa kila madereva 1,000, ugonjwa wa moyo uliwapata 2.7 kwa mwaka. Kwa makonda ilikuwa 1.9. Ukitaka picha nyepesi, kati ya madereva 10,000 wanaugua 27, kati ya makonda 10,000 wanaugua 19. Na konda akiugua, mara nyingi aliugua akiwa na umri mkubwa zaidi, na ugonjwa haukumuua haraka kama ulivyomuua dereva.

Morris hakukimbilia kutangaza. Aliogopa isije ikawa ni bahati, au ni jambo la mabasi peke yake. Akaenda kwa watu wa posta. Huko kulikuwa na wanaogawa barua kwa miguu na baiskeli, na kulikuwa na makarani na watu wa simu wanaokaa mezani. Jibu likatoka lile lile: wanaotembea wanaugua moyo kidogo kuliko wanaokaa. Ndipo mwaka 1953 wakachapisha kwenye jarida la tiba la Lancet.

Maswali ya wabishi

Wabishi walikuwepo, na ubishi wao ulikuwa wa maana. Walisema: pengine siyo kazi. Pengine wanene ndio wanaochagua kuendesha, na wembamba wanachagua ukonda. Yaani ugonjwa ulikuwa ndani ya mtu kabla hajapanda basi.

Morris na wenzake wakatafuta njia ya kujua. Wafanyakazi wa mabasi walikuwa wanapewa sare, na ili kushonewa suruali lazima upimwe kiuno. Vipimo vilikuwa vimehifadhiwa! Wakavichukua, na mwaka 1956 wakachapisha kazi yao juu ya sare. Kweli wabishi walikuwa na haki kidogo: madereva walikuwa na viuno vikubwa kuliko makonda, hata wakiwa bado vijana. Lakini baadaye walipolinganisha dereva na konda wenye umbo linalofanana, wembamba kwa wembamba na wanene kwa wanene, konda bado alikuwa na hatari ndogo. Kwa hiyo unene ulikuwa na sehemu yake, lakini haukumaliza habari yote.

Mimi hapa nimejifunza kitu kuhusu utafiti. Mtu akikupinga, usikasirike. Tafuta suruali zake.

Kule Marekani daktari Ralph Paffenbarger alifuatilia wanaume 6,351 wanaopakia na kupakua meli kwenye bandari ya San Francisco, kwa miaka 22, kuanzia 1951. Mwaka 1975 akaonyesha kwamba waliobeba mizigo mizito walikufa kwa ugonjwa wa moyo karibu nusu tu ya wale wa kazi nyepesi.

Kutoka kazini kwenda kwenye muda wa mapumziko

Lakini dunia ilikuwa inabadilika. Mashine zilianza kubeba mizigo, ofisi zikaongezeka. Morris aliona kwamba siku zinakuja ambapo watu wengi watakaa kazini, dereva wengi na makonda wachache. Basi swali likabadilika: mtu anayekaa kazini siku nzima, je, anaweza kujiokoa na kile anachofanya baada ya kazi, kwenye muda wake mwenyewe?

Kati ya mwaka 1968 na 1970 wakachukua wanaume 16,882 wa umri wa miaka 40 hadi 64, wafanyakazi wa serikali wanaokaa ofisini. Bila kuwaambia mapema, Jumatatu asubuhi waliwapa karatasi waandike walichofanya Ijumaa na Jumamosi iliyopita. Nani alilima bustani kwa nguvu, nani aliogelea, nani alitembea haraka, nani alicheza, nani alikaa tu. Halafu wakasubiri kuona nani ataugua.

Mwaka 1973 wakatoa jibu. Wale waliokuwa wanafanya mazoezi ya kutoa jasho kwenye muda wao wa mapumziko walikuwa na hatari ya ugonjwa wa moyo karibu theluthi moja tu ya hatari ya wenzao wasiofanya. Hawa wote ni watu wa kukaa mezani. Kilichowatofautisha ni saa zao za nje ya kazi.

Morris mwenyewe alikuwa anakimbia Jumapili kwenye uwanja wa Hampstead Heath, London, miaka ya 1960, wakati ambapo mtu mzima kukimbia bila kufukuzwa lilikuwa jambo la kuchekesha. Watu walimwona kama amerukwa na akili. Alikufa mwaka 2009 akiwa na miaka 99. Sisemi kukimbia ndiko kulimpa miaka hiyo yote, mtu mmoja siyo ushahidi. Lakini aliishi alichokifundisha.

Jibu la lile neno "alikuwa"

Sasa tufike kwenye swali langu. Paffenbarger alichukua wanaume 16,936 waliosoma chuo kikuu cha Harvard, akawauliza wanapanda ngazi ngapi, wanatembea kiasi gani, wanacheza michezo gani. Mwaka 1978 alichapisha kwamba waliotumia chini ya kalori 2,000 kwa wiki kwenye mambo hayo walikuwa na hatari ya shambulio la moyo iliyozidi kwa asilimia 64 kuliko wenzao waliotumia kiasi hicho au zaidi. Kalori 2,000 kwa kutembea ni takriban kilomita 30 kwa wiki, inategemea na uzito wa mtu.

Ila kilichonishika mimi ni hiki. Chuo kilikuwa na kumbukumbu za nani alikuwa mchezaji wakati wa usomi wake. Wale waliokuwa mabingwa wa chuo, halafu wakaacha na kukaa, hawakuwa na kinga yoyote ya kujivunia. Na wale ambao chuoni hawakucheza chochote, lakini baadaye wakaanza kujishughulisha, hatari yao ilikuwa ndogo. Morris naye mwaka 1990, kwa wafanyakazi wengine wa serikali 9,376, alikuta vile vile: mchezo ulioacha zamani haukulindi. Unaoendelea nao ndio unakulinda.

Kwa hiyo mwili hauna benki. Huwezi kuweka akiba ya nguvu ya Fizi, au Rutana, au Uvira, uje uitoe Nyarugusu au Kakuma au Nakivale miaka 15 baadaye. Yule jirani yetu hakuwa mwongo aliposema alikuwa na nguvu. Ila ni kama alitoka kwenye ukonda akawekwa kwenye kiti cha dereva, tena bila basi. Na hakuchagua mwenyewe. Shamba hakuna, kutoka nje ya kambi ni mpaka kibali, kazi ni ya kubahatisha.

Kiharusi na wanawake

Mpaka hapo utaona kitu: wote waliohesabiwa ni wanaume. Makonda, wabeba mizigo, maafisa, wasomi. Mama zetu na dada zetu hawakuwemo. Hilo ni kosa la historia hii na lazima tuliseme.

Baadaye pengo lilianza kuzibwa. Kule Marekani kuna utafiti mkubwa wa wauguzi wanawake. Wauguzi 72,488 wa umri wa miaka 40 hadi 65 walifuatiliwa miaka 8 kuanzia 1986, na mwaka 2000 majibu ya kiharusi yakatoka. Waliojishughulisha zaidi walikuwa na hatari ya kiharusi pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko waliojishughulisha kidogo kabisa. Tena haikuwa lazima kukimbia. Kutembea kulitosha kuleta faida, hasa kutembea kwa haraka. Kwa wanaume wa Harvard nao, mwaka 1998 ilionekana kwamba kutembea kilomita 20 au zaidi kwa wiki kunaendana na kiharusi kupungua.

Kwa nini inafanya kazi? Moyo ni msuli, ukitumika unasukuma damu nyingi kwa pigo moja bila kuhangaika. Mishipa inabaki laini na kupanuka vizuri, presha inashuka, sukari inatumika badala ya kukaa kwenye damu. Kiharusi ni mshipa wa ubongo kuziba au kupasuka, na presha ndiyo adui mkubwa hapo. Kinachoshusha presha kinalinda ubongo.

Mtaniuliza: mama anayebeba dumu la lita 20 kutoka bombani na kuni kichwani, naye anahitaji mazoezi? Swali zuri, na wataalamu wenyewe wanabishana. Mwaka 2021 utafiti wa Copenhagen, Denmark, kwa watu wazima 104,046, ulionyesha jambo la kushangaza. Kujishughulisha kwenye muda wa mapumziko kulienda pamoja na afya ya moyo. Lakini kazi nzito za kila siku zilienda pamoja na hatari kubwa zaidi. Wengine wanasema ni kwa sababu kazi nzito haina kupumzika, inapandisha presha masaa mengi, na mtu hachagui lini aanze wala lini aache. Wengine wanasema ni umaskini unaoambatana na kazi hizo. Makuli wa San Francisco walionekana kufaidika, kwa hiyo mjadala haujaisha.

Mimi nasema hivi: tusimwambie mama aliyechoka aende kukimbia. Yeye anachokosa ni muda wake mwenyewe. Kaka zake wakichota maji siku mbili kwa wiki, yeye atapata saa moja ya kutembea na wenzake, au kucheza ngoma, au kucheza mpira. Na hapa tuseme ukweli: kiwanja chetu kila jioni ni cha nani? Ni cha wavulana. Wasichana wanasimama pembeni wanaangalia, wamebeba mtoto mgongoni. Makosa ya watafiti ya kutowahesabu wanawake sisi tunayarudia kila siku saa kumi jioni.

Tunachoweza kufanya

Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilisema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, mfano kutembea haraka, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, mfano kukimbia au mpira. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Haihitaji viatu vya bei wala mashine. Hata chini ya hapo ni bora kuliko sifuri.

Kwa vijana: wazee wetu hawatakuja kwenye kiwanja cha mpira. Lakini watakuja tukiwaita kutembea pamoja asubuhi, mpaka mwisho wa zoni na kurudi, huku wanasimulia habari za nyumbani. Anayeanza aanze polepole, na mwenye presha au maumivu ya kifua amwone kwanza muuguzi. Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Ukipewa dawa ya presha, usiache kwa sababu umeanza kutembea. Chumvi na sigara navyo vina kesi yao, mazoezi peke yake hayawezi kuvimaliza.

Kwa ndugu wa mashirika: najua fedha zimepungua. Lakini kipimo cha presha mkiweka karibu na sehemu ya mgao, hata siku moja kwa mwezi, mtawapata akina baba ambao kliniki hawaji mpaka wabebwe. Na mkitoa mipira, mtenge na saa za wasichana.

Kwa wote: ukimwona mtu mdomo umeenda upande, mkono hauinuki, au maneno hayaeleweki, usiitishe kikao. Mpeleke kliniki saa hiyo hiyo. Sisi tulipoteza masaa mawili, na yule baba anayalipa mpaka leo.

Siku hizi anajaribu kutembea, mkono kwenye bega la mtoto wake. Anatoka mlangoni kwake mpaka kwenye mwembe, anapumzika, anarudi. Juzi alinihesabia hatua kwa sauti ambayo bado haijanyooka: 40 kwenda, 40 kurudi. Mimi nikamwambia habari ya makonda wa London na ngazi zao 500. Akacheka, akasema yeye bado hajafika ghorofani.

Kuanzia Jumamosi hii saa kumi na mbili na nusu asubuhi tunakutana pale kwenye mwembe na wazee watakaopenda. Njoo na mzee wako.

Mwenye swali au wa kunibishia aandike hapo chini, nitajibu.